Fuwele Ibaki Jiweni: Hotuba kwa Wakusanyaji wa Vimondo vya Mawe

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu wa kazi ya madini, walimu, wanafunzi wa jiolojia, na ninyi akina mama na vijana mnaonunua na kuuza mawe hapa Arusha: wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie fuwele zinazopatikana ndani ya vimondo vya mawe, yaani vile vilivyomeguka kutoka kwenye asteroidi, ile miamba midogo kuliko sayari inayolizunguka jua. Wengi mliomo humu mmezoea fuwele za namna nyingine. Tanzanaiti hutolewa kwenye mwamba wake, husafishwa, hupelekwa kwa mkataji, na thamani yote iko kwenye kile kipande kilichotoka. Mwamba unaobaki ni kifusi. Ombi langu kwenu ni moja, na nitalitetea mpaka nikae: kwa kimondo cha mawe tusifanye hivyo. Fuwele yake ina maana ikiwa bado imekaa kwenye jiwe lake, jiwe likiwa kavu, na likiwa na maelezo ya mahali na saa lilipookotwa. Ukiitoa ukaifuta ukaiweka kwenye kichupa, umebaki na chembe ambayo hata mtaalamu hawezi kuisemea kitu.

Kwanza tuelewane ni jiwe gani. Mtanzania akisikia neno kimondo, anafikiria Mbozi, lile pande kubwa linalokadiriwa kuwa na tani 16. Lile ni chuma na nikeli. Vimondo vya chuma ni vichache. Vingi mno vinavyoonekana vikianguka ni mawe, na mengi kati ya mawe hayo huitwa kondraiti. Ukilipasua kondraiti ambalo halikuwahi kupata joto kali huko lilikotoka, utaona limejaa viduara vidogo, vingi havifiki milimita moja, vimejipanga kama punje za mtama kwenye kiganja. Hizo ndizo kondruli. Kila moja ilikuwa tone la mwamba ulioyeyuka, likaelea angani kabla dunia haijawepo, likapoa kwa haraka, na ndani yake zikaota fuwele za madini yaitwayo olivini na piroksini. Umri wake ni zaidi ya miaka bilioni 4.5.

Kwa jicho tupu hutaona mengi. Jiwe hukatwa, husagwa mpaka libaki kipande chembamba cha unene wa milimita 0.03, hubandikwa kwenye kioo na kuwekwa chini ya hadubini yenye vichujio viwili vya mwanga. Hapo olivini iliyokuwa kijivu inawaka bluu, waridi, njano na kijani. Kuna kondruli ambazo fuwele zake zimelala mistari mistari sambamba, na nyingine ambazo zimetawanyika kutoka pembeni kama miale. Mpangilio huo ndio unaomwambia mtaalamu tone lile lilipoa kwa kasi gani. Sasa ukichokoa olivini ukaibakiza peke yake, mpangilio umekufa. Olivini yenyewe si adimu, imejaa kwenye lava zetu za Bonde la Ufa. Kilicho adimu ni mpangilio.

Afrika Mashariki tumepata mawe ya namna hii, tena si zamani sana. Agosti 14, 1992, mchana, mawe yalinyesha juu ya mji wa Mbale, Uganda, yakaangukia mapaa na mashamba. Kijana mmoja alipigwa kichwani na kipande cha gramu chache kilichokuwa kimepunguzwa kasi na majani ya migomba, akasalimika bila jeraha. Kilo zipatazo 150 ziliokotwa. Julai 16, 2011, asubuhi, ikawa zamu ya Thika, Kenya, jiwe moja likajichimbia kwenye shamba la mahindi. Yote mawili ni kondraiti zilizopata joto kali ndani ya asteroidi zilikotoka, na la Thika limewekwa daraja la sita katika kipimo cha kupikwa kwa mawe hayo. Joto hilo, la mamia ya nyuzi, lilidumu muda mrefu kiasi kwamba kondruli zilianza kufifia na fuwele nyingine, hasa za feldispa, zikakua upya mpaka zikaweza kuonekana chini ya hadubini. Kwa hiyo fuwele za Thika zinasimulia habari ya ndani ya asteroidi, za kondraiti ambayo haikupikwa zinasimulia habari ya kabla ya asteroidi. Unaijua tofauti hiyo kwa kuziangalia zilivyoshikana na jirani zake.

Nataka nikae zaidi kwenye chumvi, kwa sababu hapa ndipo sisi wakusanyaji tunaharibu mali bila hata kujua kuwa ilikuwapo.

Machi 22, 1998, katika mji wa Monahans, Texas, vijana saba walikuwa wakicheza mpira wa kikapu jiwe likaanguka karibu nao. Halikulala nje, halikuoshwa, halikupigwa mvua. Ndani ya siku chache lilikuwa Houston, kwenye maabara za NASA, shirika la anga la Marekani, likapasuliwa katika chumba safi. Mtaalamu wa huko, Michael Zolensky, na wenzake wakakuta ndani yake fuwele za rangi ya zambarau, nyingine zikifika milimita kadhaa. Zilikuwa chumvi, ileile tunayoitia kwenye mboga. Rangi ilitokana na mnururisho uliozipiga kwa muda mrefu mno. Na ndani ya fuwele hizo mlikuwa na viputo vidogo vya maji. Maji ya majimaji, ndugu zangu, yaliyofungiwa ndani ya chumvi tangu nyakati za mwanzo za mfumo wa jua. Jiwe lingine lililoanguka mwaka huohuo, la Zag huko Sahara Magharibi, nalo likakutwa na chumvi ya namna hiyohiyo.

Jiulizeni sasa ni mawe mangapi yaliyoanguka kabla ya hapo yakiwa na chumvi ndani. Hakuna atakayejua. Chumvi haingoji. Jiwe likilala usiku mmoja kwenye umande, likapigwa na manyunyu, au mwenye nyumba kwa nia njema akaliosha kwenye karai ili lipendeze kabla wageni hawajafika, fuwele zile zimeyeyuka. Kinachobaki ni tundu dogo. Hata msumeno wa kukatia mawe unaopoozwa kwa maji unatosha kuzimaliza. Mimi huumia nikiona picha ya kimondo kilichotoka kuokotwa kiking'aa kwa maji ya bomba, kwa sababu aliyekiosha alikuwa anakiheshimu.

Ushahidi wa juzi ni mkubwa zaidi. Septemba 24, 2023, chombo cha NASA kiitwacho OSIRIS-REx kilidondosha jangwani Utah kifurushi chenye gramu 121.6 za udongo na vijiwe kutoka asteroidi Bennu. Havikuguswa na hewa yetu, vilihifadhiwa ndani ya gesi ya nitrojeni. Januari 2025 wataalamu wakatangaza kwamba ndani yake mna mfululizo wa chumvi zilizobaki baada ya maji ya chumvi kukauka, na mojawapo ni trona. Trona tunaijua. Ni magadi. Ndiyo yale ya Ziwa Magadi na Ziwa Natron, ndiyo tunayotia kwenye maharage yaive upesi. Yalikuwa hayajawahi kuonekana kwenye sampuli yoyote ya nje ya dunia, ingawa vimondo vimekuwa vikikusanywa na kuchunguzwa kwa zaidi ya miaka 200. Moja ya sababu mtu wa kanda hii anaielewa bila kufundishwa: magadi na unyevu havikai pamoja. Huko Bennu, au kwenye mwili mkubwa zaidi ambao Bennu ilitoka, palikuwa na vidimbwi vya maji ya magadi vilivyokauka polepole kama vinavyokauka vyetu vya Bonde la Ufa kila kiangazi. Na habari yote hiyo ingefutwa na hewa ya msimu mmoja wa masika.

Kutoka hapo nakwenda Ivuna, na hapa naomba Watanzania msikilize kwa namna ya pekee, maana hili ni letu.

Desemba 16, 1938, karibu na Ivuna, upande wa Ziwa Rukwa, mahali ambapo leo ni mkoa wa Songwe, lilianguka jiwe jeusi laini lenye uzito wa gramu 705 hivi. Ni mahali ambapo watu walichemsha chumvi ya chemchemi kwa karne nyingi. Jiwe lile ni la aina adimu kupita kiasi. Ukiacha yaliyookotwa Antaktika, mawe yaliyoonekana yakianguka ya aina hiyo ni matano tu, na kundi lote linaitwa CI, herufi ya pili ikiwa ya Ivuna. Ukiondoa gesi nyepesi, uwiano wa elementi zake unakaribiana na ule wa jua lenyewe, kwa hiyo wataalamu wa dunia nzima wakitaka kupima kitu chochote cha mfumo wa jua wanakilinganisha na kundi la Ivuna. Halina kondruli. Limejaa madini ya udongo yaliyoloweshwa na maji kwenye asteroidi, na humo mna fuwele ndogo ajabu za magnetaiti, madini ya chuma yenye usumaku, nyingine zimejikusanya kama vichane vya duara, nyingine zimepangana kama sahani. Mna pia fuwele za kaboneti zilizoota kwenye maji yaleyale. Hakuna hata moja unayoweza kuitoa kwa kibanio.

Kundi hili lina kisa ambacho kila mkusanyaji anapaswa kukijua. Ndugu wa Ivuna aliye maarufu zaidi ni jiwe la Orgueil, lililoanguka Ufaransa Mei 14, 1864. Kwa miaka mingi watu walitazama mishipa myeupe ya fuwele za salfeti inayopita ndani yake wakasema, tazameni, haya ni maji ya asteroidi yaliyokauka. Hoja nzuri zikajengwa juu ya fuwele zile. Kisha mwaka 2001 Matthieu Gounelle na Zolensky wakarudi kusoma maelezo ya wale walioliona jiwe mara tu baada ya kuanguka. Hakuna aliyetaja mishipa myeupe. Fuwele zilikuwa zimeota kabatini. Unyevu wa hewa ya makumbusho uliingia jiweni, ukayeyusha vitu, ukavikausha tena, mwaka baada ya mwaka. Japani ilipoleta gramu 5.4 za asteroidi Ryugu mnamo Desemba 2020, zikiwa zimefungwa zisiguswe na hewa, zikakutwa ni za ukoo wa Ivuna kabisa, ila zile salfeti hazikuwamo.

Ndiyo maana nasema kuwa kukusanya fuwele za kimondo ni kazi ya kutunza zaidi kuliko kazi ya kutafuta. Ukilitunza vibaya utapoteza fuwele zilizokuwamo na kupata nyingine ambazo hazikuwamo, na hutajua zipi ni zipi.

Jangwa nalo lina yake. Ndugu zetu wa Oman, ambao wengi wao tunasikilizana nao kwa Kiswahili, wanakaa kwenye moja ya ardhi bora duniani kwa kutafuta vimondo. Tambarare ya Jiddat al-Harasis ni nyeupe, na jiwe jeusi huonekana kutoka mbali. Tangu 2001 Waomani na Waswisi wamekuwa wakifanya upekuzi wa pamoja huko, kila jiwe likipewa namba na kupimwa mahali lilipolala. Lakini mawe yale yamekaa jangwani kwa maelfu ya miaka, na chuma chake kimekuwa kutu, nyufa zake zimejazwa kalsaiti na salfeti kutoka ardhini. Ukiona kifuwele cheupe kwenye ufa wa kimondo cha Oman, uwezekano mkubwa ni mtoto wa Oman.

Mtu atanikatiza hapa aseme, mbona wataalamu wenyewe huyaharibu mawe? Ni kweli, na sitaki kuikwepa hoja hiyo. Mwaka 1987 huko Chicago, Edward Anders, Roy Lewis na wenzao waliyeyusha vipande vya vimondo kwa asidi mpaka jiwe lote likaisha, wakabaki na almasi ndogo zisizoonekana kwa hadubini ya kawaida, ambazo muundo wa gesi iliyomo ndani yake ulionyesha kuwa zilitoka kwenye nyota nyingine kabla jua letu halijawaka. Baadaye zikapatikana chembe za silikoni iliyoungana na kaboni, na baadhi ya zile zilizotoka kwenye jiwe la Murchison la Australia zimekadiriwa kuwa na umri wa miaka bilioni 7. Hicho ndicho kitu cha kale zaidi ambacho mkono wa binadamu umewahi kukishika. Lakini Murchison ilileta zaidi ya kilo 100, kilichoyeyushwa kilikuwa sehemu ndogo, kilipimwa kabla, na kilichobaki kimehifadhiwa. Wao walijua wanapoteza nini. Mtu anayegonga kimondo kwa nyundo kando ya barabara ili amwonyeshe mnunuzi kinavyometameta ndani, hajui.

Neno jingine ni maelezo ya mahali, na hapa mfano bora uko jirani, Sudan. Oktoba 6, 2008, darubini ya Arizona iliona asteroidi ndogo inayotujia, na saa zipatazo 19 baadaye, alfajiri ya tarehe 7, ikalipuka juu ya jangwa la Nubia. Profesa Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum alikwenda huko na wanafunzi wake, pamoja na mtaalamu wa vimondo Peter Jenniskens, wakatembea kwa mstari jangwani wakiokota kipande kimoja kimoja. Jiwe halikushikwa kwa mkono mtupu. Lilipigwa picha lilipolala, likaandikiwa mahali pake, likafungwa kwenye karatasi ya aluminiamu. Kwa jumla yalipatikana mawe karibu 600, mengi madogo. Kwa sababu kila moja lilikuwa na kumbukumbu yake, iligundulika jambo ambalo lisingeaminika: asteroidi ile moja ilikuwa mkusanyiko wa mawe ya aina nyingi tofauti. Na ndani ya baadhi yake mna almasi. Mwaka 2018 watafiti wa Uswisi, baada ya kuchunguza vijidosari vya madini vilivyofungiwa ndani ya almasi hizo, walisema zilitokea ndani ya mwili mkubwa wa kiasi cha sayari ya Zebaki au Mirihi ambao haupo tena. Wanafunzi wa Khartoum, kwa miguu yao, ndio waliotuletea mabaki ya sayari iliyopotea. Natamani sana siku moja niseme hivyo juu ya wanafunzi wa Dodoma, wa Makerere, wa Nairobi.

Basi likianguka kwako, ufanyeje? Andika saa uliyosikia mshindo, na ulikuwa umesimama wapi. Nenda mapema, kabla ya mvua, na uanze na ruhusa ya mwenye shamba, maana jiwe limeangukia mahindi yake na haki yake isipitwe na dalali. Piga picha kabla ya kugusa, ukiweka kalamu au sarafu kando yake. Lishike kwa karatasi safi ya aluminiamu, litie kwenye mfuko safi, na uweke humo vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, visigusane na jiwe. Usilitie maji, mafuta, ndimu wala asidi. Na sumaku iweke mbali. Najua madalali wote hupima kwa sumaku, lakini jiwe lililotoka kwenye asteroidi linaweza kuwa limebeba alama ya usumaku wa zamani za kale, na sumaku yako ya dukani inaifuta mara moja. Ukihitaji kupima kama lina chuma, tumia kokoto ya kawaida inayofanana nalo kulinganisha uzito mkononi, au tazama gamba lake jeusi la kuungua.

Kabla ya kuuza au kulitoa nje ya nchi, waulize watu wa ofisi za madini na wa mambo ya kale. Na hata liwe mali yako halali, kipande kibaki. Kimondo kikitaka jina linalotambuliwa na jumuiya ya kimataifa ya wanasayansi wa vimondo, sehemu yake, gramu 20 au asilimia 20, kutegemea ipi ni ndogo, hukabidhiwa taasisi inayotunza sampuli. Ningependa taasisi hiyo iwe ya kwetu. Kabati kavu lenye kipima unyevu si ghali kuliko hadubini ambazo vyuo vyetu tayari vinazo.

Nimechapa fomu fupi ya ukurasa mmoja ya kuandikia saa, mahali, uzito na jina la mwenye shamba. Zipo mezani karibu na mlango; walimu wachukue za kutosha shule nzima. Pale pale nimeweka hadubini na kipande cha kondraiti kilichosagwa, mpite mmoja mmoja mzungushe kichujio wenyewe. Na kama kuna aliyekuja na jiwe mfukoni anataka tulitazame, tafadhali asilifute. Alilete kama lilivyo.